Wiki Niliyowaachia Wenyewe

Mkomaindo, Masasi
14 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Baba Cecil,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hujamaliza kufungua bahasha. Hamjambo huko Mwanza? Mgongo wa Mama Cecil umepata nafuu? Sisi wazima. Mvua imeanza vizuri. Mama kule Newala amejaza tangi lake, hanunui maji, basi anatamba mtaa mzima.

Uliniambia kwenye simu kwamba tangu upewe usimamizi wa karakana, mafundi hawafanyi kitu usipowasimamia. Nilicheka. Damu yetu ni moja! Ngoja nikusimulie yangu.

Unakijua kibanda changu cha kubangua korosho. Kina mama wa pale wote kwao Newala, na mwaka huu mabinti zao wametoka unyagoni wiki ileile ambayo mnunuzi wa Dar alitaka maboksi yake. Tukichelewa, anahamia kwingine, nasi tunakaa mikono mitupu hadi msimu ujao. Lakini nani atamwambia mama asiende kumpokea mwali wake? Hata mimi sina ulimi huo.

Nikapanga nani aende, nani abaki. Kila nilipopanga, wengine wakanuna. Mwishowe Faudhia, mkubwa wao, akaniambia, "Mama Huruma, tuambie unachotaka, halafu tuachie. Ngoma zetu, na kazi yetu."

Nikawaambia nataka korosho nzima, nyeupe, Ijumaa kabla basi halijaondoka. Nikaenda nyumbani. Ndugu yangu, nilipata tabu! Nilichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nilivaa kandambili nikachungulie, nikazivua mlangoni.

Kumbe ngoma za vijiji vyao hazikuangukia siku moja. Kina mama wa kundi la Anjelina, ambao ngoma yao ilikuwa bado, walishika kazi ya kina Faudhia, kisha wakapokezana, kama wanavyosaidiana kupalilia mashamba yao.

Ijumaa nikakuta maboksi yamefungwa. Faudhia, mikono bado ina majivu ya kujikinga na mafuta ya maganda, akanipa kisu nifungue nikague. Nikakipokea. Wote wakanitazama. Nikakata nacho nanasi waliloniletea kutoka ngomani, tukala tumesimama.

Jumapili mnunuzi akapiga simu kuuliza safari hii amefunga nani, maana korosho zilizovunjika hakuziona. Nikamjibu, "Wamefunga wenyewe." Baba Cecil, nilijivuna mpaka nikajionea haya!

Na usiniletee ile ya mgema akisifiwa. Nimewasifu mbele za watu, na tembo halijatiwa maji. Nawe waambie mafundi wako unachotaka na siku unayokitaka, kisha utoke ukatembee.

Nisalimie Mama Cecil, Cecil na Shangazi Agatha. Huruma anawasalimu sana. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, na ya walio chini yenu pia.

Dada yako akupendaye, ambaye siku hizi anakunywa chai ameketi,
Ethel (Mama Huruma)