Mkono Uliobaki Kwenye Kipande Changu

Sparkbrook, Birmingham

Kaka Barasa,

Siku ya tatu baada ya kumzika Mama, mwezi wa nne mwaka huu, ile picha ya Makalasinga iliyokuwa sebuleni kwetu tangu tukiwa watoto ilikatwa vipande vitatu. Mkasi uliushika wewe. Naanza na hilo ili usifike katikati ya barua ukidhani nimekuandikia kukujulia hali tu.

Hata hivyo, hali yako nataka kuijua. Goti limepoa? Shemeji na watoto wanaendeleaje, na mvua imewaachia nafasi ya kuanika mahindi? Mimi niko sawa. Baridi imeingia na duka linakwenda. Wale waliocheka nilipoacha kazi ya kutunza wazee nikajifunze kutengeneza fremu, waambie sasa nina meza mbili na mashine ya kukatia kioo, na hakuna aliyenishika mkono.

Kaka, najua ulivyowaza. Kwetu vitu vya marehemu hugawanywa watu wakiwa bado wamekaa, kusibaki kitu cha kugombaniwa. Nguo zilipata wenyewe, sufuria zikapata wenyewe. Ilipofika zamu ya picha, watoto tuko watatu na picha ni moja, ukaitisha rula. Sentimita thelathini na tisa, gawa kwa tatu, kumi na tatu kila mtu. Hesabu yako haina kosa, nimeirudia mwenyewe. Lakini mimi niliangalia maziko kwenye simu, pasipoti yangu ikiwa bado uhamiaji, na siku ya kugawa hakuna aliyenipigia kuniuliza.

Kipande changu kilipofika kwa posta nilikisimamisha dukani, sikujua nikifanyie nini. Mwezi uliopita akaingia Mzee Balbir, mteja wangu, Kalasinga aliyezaliwa Eldoret ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi. Alikuja kuchukua picha ya harusi ya mjukuu wake. Akakiona, akavaa miwani.

"Nani alikata hii? Fundi wa keki?"

"Ni kaka yangu, Mzee."

"Msalimie sana. Halafu mfiche mkasi."

Tulicheka. Kisha akakaa, akakishika kwa ncha za vidole, na hakucheka tena. Akaniambia hilo ni baraza la sardari, mkubwa wa Makalasinga wa zamani kule Punjab. Wachoraji wa mabaraza hayo walimpa kila mkubwa sura yake mwenyewe, ajijue akijiona. Na pale mtu alipowekwa ndipo heshima yake ilipokuwa: nani yuko karibu na bwana, nani yuko mbali, nani amekaa, nani amesimama na usinga.

"Sasa ukimtoa bwana," akasema, "hawa wengine wamekusanyika wakifanya nini?"

Nikahesabu nani ana nini. Ndugu yetu Nekesa alipata wageni walioketi kwenye zulia, panga mapajani. Mimi nimepata watumishi, farasi, na yule mshika kipanga, ndege wa kuwindia. Sardari mwenyewe, kwenye kiti chake cha dhahabu, yuko kwako. Ila alikuwa amenyoosha mkono kumpokea ndege, na rula yako haikuujali. Mkono umebaki kwangu, umekatwa juu kidogo ya bangili. Una glavu na unangoja, na hauna mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimuuliza Mama kama huyo ndege atakwenda kwa bwana au hatakwenda? "Mkitulia, ataruka." Tulitulia hadi ugali ukaiva. Ndivyo alivyopata kupika kwa amani. Baba alipewa picha ile na fundi Kalasinga aliyemfundisha useremala, siku fundi huyo alipokuwa akihama. Ilitoka ukutani kwake nzima, ikapanda ukutani kwetu nzima.

Nekesa ameshanitumia chake bila neno. Wewe uliniambia kwenye simu, "Nyinyi wa ng'ambo mkitaka kitu, mmeshajua bei yake." Mzee Balbir hakutaja bei na mimi sikuuliza. Nataka kuviunganisha vipande kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga. Mshono utaonekana, lakini mkono utarudi kwa mwenyewe. Sisi tutabaki na nakala, moja moja, na picha yenyewe itarudi kwenye ukuta wa Mama. Hapa kwangu haitakaa.

Sasa nisikilize vizuri. Nekesa ulimwambia kipande kiko kwenye sanduku la bati. Mimi ukaniambia watoto walikilowesha. Kipande kimoja hakiwezi kuwa na habari mbili. Kama kimeharibika, sema kimeharibika, nitalia hapa nimalize. Kinachonichosha ni kutojua.

Nisalimie shemeji, na umwambie kitenge cha Mama alichopewa akivae, asikiweke. Msalimie Baba Mdogo aliyesimamia maziko. Watoto wako wabusu, hata hao wanaosingiziwa maji.

Kadi ya nyuma ya fremu nimeshaikata, sentimita thelathini na tisa kamili. Wageni wa Nekesa wako kushoto, watumishi kulia, na katikati nimeacha kumi na tatu tupu. Jumapili, saa kumi na mbili jioni ya huko, nitaifunga fremu au nitaiacha wazi ikusubiri, kwa neno lako. Usinitumie salamu, usinitumie maelezo. Kipo au hakipo?

Dada yako,
Nafula