Asumini ya Disemba

Jumamosi, 24 Agosti

Kosa la wengi wetu tuliozaliwa Unguja ni hili: tunalima Ibra, huku Omani, kwa kalenda ya Unguja. Tumeshazeeka huku, mikono bado haijahama. Disemba kule ni kaskazi, joto, asumini inamwagika. Disemba hapa ni blanketi. Mwasumini unalala. Mtu anakuja kunililia kwamba mti wake umekufa. Haujafa, umesinzia.

Nimemwagilia baada ya Alfajiri, kama kawaida. Adhuhuri haifai, maji ya mpira saa hizo ni ya kutilia chai. Nimesia nyanya kwenye karai, kivulini. Nyota ya Suheli imeanza kuonekana na jirani anasema joto limeshaaga. Mimi sijaliona likiaga. Lakini asubuhi maji ya mtungi yana ubaridi kidogo. Hiyo ndiyo ishara ninayoiamini.

Ijumaa, 6 Septemba

Nasor kalizungumza leo, baada ya chakula. Nasor ni mwanangu, na nyumba hii kaijenga yeye. Bustani ya nyuma nimeipanda mimi.

Thuraya, binti yake, anaolewa katikati ya Disemba, inshallah. Hema la wanawake litasimama uwanja wa nyuma, kwa hiyo uwanja utatandikwa vigae vya saruji. Wote. Matuta yangu na mwasumini wangu pia.

Nimeuliza kikuba cha bibi harusi kitatungwa kwa nini. Najieleza mwenyewe kama darasa, ugonjwa wa ualimu haunitoki: kikuba ni kifungu cha asumini na majani ya rehani, bibi harusi hukibandika kifuani. Wakwe wanakinusa kabla hawajamwona uso. Harusi ya kwetu bila kikuba ni pilau bila bizari.

Kasema Maskati yapo maua ya plastiki, mazuri, hayanyauki.

Nimekasirika. Tende sikuzigusa.

"Mama, Disemba asumini haipo. Si wewe uliyenifundisha?"

Nilimfundisha. Ndiyo maana limeniuma.

Nimemwambia Disemba hii itakuwepo. Kacheka, kisha tukakubaliana. Nusu ya mlangoni itandikwe sasa, hema litoshee hapo. Nusu yangu ingoje mpaka siku ya harusi. Nikipata kikuba kimoja cha asumini ya hapa hapa, bustani inabaki. Nikikosa, khalas, vigae mpaka ukutani, na mimi nitanunuliwa vyungu viwili vya dirishani.

Vyungu viwili! Mimi.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimeukata mwasumini. Nilitaka kuukata tangu siku ile, kwa hasira, nikajizuia. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Ukikata mapema, unachanua Oktoba na harusini huna kitu. Ukichelewa, baridi inayakuta machipukizi bado machanga. Kwa hiyo nimengoja. Kungoja nako ni kazi, ila haina jasho.

Thuraya kanikuta na mkasi, mti umebaki vijiti.

"Bibi, umeuua?"

Nimemwambia nimeuamsha. Hakuniamini. Kapiga picha, kampelekea baba yake kazini. Baba yake karudisha kijisura kinachocheka. Nimekiona.

Samadi ya mbuzi shinani, ile kavu. Mbichi huunguza mizizi.

Jumatano, 16 Oktoba

Mafundi wametandika nusu ya mlangoni. Imekaa kama kituo cha petroli. Vigae vya nusu yangu wamevirundika kando ya matuta, vinaningojea. Kila asubuhi napita navyo ubavuni kama mtu anayepita karibu na mbwa wa watu.

Mwasumini umejaa majani. Nyanya nimeshazihamisha. Figili zimeota, giligilani zimeota. Kabichi zote zimeliwa na viwavi, nilichelewa kugeuza majani na kutazama chini yake. Basi. Mwaka huu kabichi si vita yangu.

Ijumaa, 15 Novemba

Usiku umeanza kuwa na meno. Machipukizi yamesimama, hayaendi mbele wala nyuma. Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma.

Magharibi nilikaa juu ya rundo la vigae kupumzisha magoti. Jua limeshazama, hewa imepoa, na chini yangu vigae vimoto kama mkate umetoka sasa hivi jikoni. Nikabaki nimekaa. Darasani nilifundisha miaka mingi: saruji hunywa joto mchana, huliachia polepole usiku. Nilifundisha, na rundo liko mbele ya macho yangu mwezi mzima.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimejenga. Kigae kimoja kimoja, nusu duara nyuma ya mwasumini, upande wa kaskazini, uwazi wake ukitazama jua. Urefu wa kiunoni. Mgongo unanichoma.

Nasor katoka na kikombe cha kahawa. Kaona.

"Mama, hivyo vigae vyangu."

"Vimekaa bure. Nimevipa kazi."

Kanigombeza kwa mgongo, kwa magoti, kwa umri. Kasema nikianguka watu watasema kanifanyisha kibarua. Nimemwacha amalize. Kisha nimemwomba anipitishie kile cha mwisho, kilikuwa kizito. Kanipitishia. Hakukiri kitu, lakini kanipitishia.

Jumatatu, 2 Disemba

Vitumba! Vidogo kama punje za mchele, kijani bado. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 7 Disemba

Upepo usiku kucha, wa kutoka jangwani, mkavu. Asubuhi vitumba vingi viko chini. Nimeviokota kimoja kimoja. Havifai kitu, lakini sikuweza kuviacha pale.

Nimelia kidogo. Kisha nimechukua kanga yangu ya zamani, ile nzito, nikaitundika kutoka ukuta wa vigae mpaka kwenye fimbo mbili. Usiku naufunika, asubuhi naufunua. Nasor kaniona toka dirishani. Safari hii hakucheka.

Rehani ziko tele. Rehani haina kiburi, inaota popote.

Alhamisi, 12 Disemba

Harusi.

Vitumba huchumwa Alasiri, kabla havijafunguka. Vifungukie kifuani mwa mwenyewe, ndiyo siri ya kikuba. Nyumba imejaa wanawake, hema limejaa viti, kila mgeni na ua lake la plastiki. Mimi nimetoka nyuma na sahani ya udongo. Nikamkuta Nasor kasimama pale, kanzu mpya, kilemba kimekaa sawa, kanga yangu keshaitungua na kuikunja.

Kanishikia sahani.

Nimechuma vyote. Nimeitikisa sahani na kuitazama. Kikuba kimoja. Kidogo, kama kiganja cha mtoto. Lakini tuliahidiana kimoja.

Nimekitunga mwenyewe, uzi mweupe, rehani pembeni. Nikambandika Thuraya kabla hajatoka. Kainamisha kichwa, kafumba macho.

"Bibi, inanukia kama chumba chako."

Mama mkwe wake, kutoka mji wa Sur, alipofika kumkumbatia, alirudi nyuma, kisha akainama tena kunusa. Mwezi huu, akasema, mmeipata wapi? Nasor ndiye aliyejibu. Kasema ni ya bustani ya mama.

Jumamosi, 22 Februari

Asubuhi tulivu. Nyanya zimeanza kuwa nyekundu. Nusu yangu bado ni udongo. Vigae viko pale pale, nusu duara, na juzi Nasor kaniuliza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, kama na nyanya zingependa ukuta wa namna hiyo. Nimemwambia nyanya hazina neno. Kesho yake nimekuta vigae vingine vimepangwa nyuma ya nyanya.

Thuraya kapiga simu kutoka Sur. Kuna pembe jikoni kwao, inapata jua la asubuhi. Anataka asumini. Anauliza angoje mvua, kama wanavyongoja Unguja?

Nimemwambia asingoje. Baridi inaondoka, utomvu unapanda, wakati wenyewe ndio huu. Nitampelekea kijiti kilichoshika mizizi.

Leo: kata kijiti cha urefu wa kiganja, kichomeke kwenye mchanga mnyevu, kiweke kivulini.