Bei Imepanda Tena, na Baba Hajui

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi mawingu, manyunyu kidogo, kisha jua la kudanganya. Viatu vimelowa kabla sijafika kazini.

Meneja ametukusanya kabla ya kufungua duka. Bei mpya. Friji hazijaguswa, pasi hazijaguswa, tivi zimeshuka kidogo. Mashine za gemu — zimepanda. Tena! Mara ya pili tangu niajiriwe hapa. Mashine ni ileile, boksi ni lilelile, hata vumbi la juu ni lilelile, nalijua maana mimi ndiye ninayelifuta. Nimezunguka na bunda la stika nikibandika bei mpya juu ya ile ya zamani. Rimoti (mwenzangu wa kaunta, tunamwita hivyo kwa sababu kila mtu anamtuma bila kuinuka kitini) akaniuliza, "Dada, hivi vitu vinanenepa kwa kukaa rafuni tu?"

Nikacheka. Moyoni sikucheka. Baba nilishamtajia bei ya zamani, na nikamwambia tumebakiza kidogo sana.

Jumanne, 4 Machi

Jua tangu alfajiri. Joto.

Sijamwambia Baba. Jioni aliuliza, "Vipi mzigo wetu, mama?" Nikasema upo, unatusubiri. Si uongo. Upo kweli, mstari wa pili kutoka juu.

Mtu mwingine angeona ni upuuzi, mzee aliyestaafu kutaka mashine ya gemu. Mtu huyo hajamsikia Baba akiongea na mdogo wangu kwa simu. "Shikamoo, Baba." "Marahaba. Kazi?" "Nzuri." "Haya." Basi. Imekwisha. Kila mmoja anabaki ameshika simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Lakini wape padi mkononi! Tangu Kepteni, ndivyo tunavyomwita mdogo wangu, aende ng'ambo kufanya kazi kiwandani, kila Jumapili walicheza mpira mtandaoni, hedifoni masikioni, na katikati ya kutukanana mabeki Baba akajua kila kitu: chumba kina baridi, msimamizi ana roho nzuri, ameanza kujipikia. Mimi nilikuwa nayasikia yote kutoka kwa Baba Jumatatu asubuhi, kama taarifa ya habari.

Kisha Kepteni akanunua mashine mpya kule. Gemu yake mpya haikutani na mashine yetu kuukuu. Tangu Desemba Jumapili zetu ziko kimya. Baba anapiga pasi mashati ambayo hana pa kuyavaa.

Jumatano, 5 Machi

Upepo.

Kepteni amenitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza chooni kazini, mara mbili. Wamemwongezea mkataba. Miaka minne. Ameshasaini. Mwezi wa sita harudi.

Nisimwambie Baba, anasema. Atamwambia mwenyewe, wakiwa wanacheza. "Kwa simu naganda, Dada, unanijua."

Namjua. Na Baba ameshapaka rangi chumba chake.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kubwa saa kumi na mbili, ikakatika kama bomba lililofungwa.

Nimemkuta Baba sebuleni amezitoa zote tatu na kuzipanga mezani juu ya kanga ya marehemu Mama. Mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anazipuliza vumbi kwa mdomo, moja moja. Kila waya ameukunja na kuufunga kwa uzi, kama alivyokuwa akifanya kazini kwake. Fundi wa lifti hawezi kuona waya umelala ovyo.

Ya kwanza aliinunua kwa ovataimu ya mwezi mmoja, lifti za hoteli. Hiyo naikumbuka. Ilikuja na padi moja, tukawa tunapokezana, anayefungwa anampisha mwenzake, na Kepteni akifungwa analia, kwa hiyo nilijifunza kufungwa.

Ya pili, habari yake ndiyo nimeijua leo. Mwaka ule pikipiki yake iliharibika, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Mwaka mzima! Alituambia daktari kamshauri atembee. Leo akasema, huku anafuta, kana kwamba ni jambo la kawaida, "Pikipiki ile haikuwa na tatizo lolote, niliiuza. Mama yenu alinuna wiki nzima. Halafu akaanza kucheza yeye."

Ya tatu tulimnunulia sisi, mimi na Kepteni, alipostaafu. Mshahara wangu wa mwezi wote ulikwenda, na wake nusu.

Hii ya sasa ni mishahara yangu miwili. Ilikuwa, mpaka Jumapili iliyopita. Sasa inasogelea mitatu.

"Zinakwenda zikipanda," Baba akasema. "Lifti angalau hushuka."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Yote mawili, la bei na la mkataba. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mawingu. Mauzo hafifu. Nimemwomba Meneja anikate kwenye mishahara ya mbele. Kasema makao makuu hawaruhusu kwa bidhaa iliyopanda bei. Mtoto wa watu, hata yeye aliona haya kulisema.

Jumamosi, 8 Machi

Jua kali. Sitaisahau siku hii.

Saa nne duka limejaa, nainua kichwa — Baba! Shati la pasi, viatu vya kazi vimeng'arishwa, bahasha kwapani. Alitaka kunishtua. Kanishtua kweli, nikabandika lebo ya feni kwenye jagi la umeme.

Akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Akasoma bei. Akavaa miwani, akaisoma tena. Kisha akaikwangua stika taratibu kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ikafunuka, na chini yake ikawepo ileile niliyomtajia. Akanitazama kutoka kule. Nilitamani sakafu inimeze.

Akaja mpaka kaunta. "Kumbe hukunidanganya," akasema polepole. "Wamekubadilishia mkononi."

Rimoti akakimbia kumwita Meneja. Meneja akaanza, kwa heshima zote, "Mzee, hapa bei ni moja, hatupunguzi."

"Sijasema upunguze, mwanangu. Nauliza tu. Mashine hii ina miaka mingapi tangu itoke?"

"Kama mitano hivi."

"Na ndani wameongeza nini?"

"Hawajaongeza kitu, mzee."

"Ajabu! Mimi nilipozeeka kazini walinipa saa ya ukutani na mlango wa kutokea. Hii imezeeka wakaipandisha cheo!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja mwenye blenda akasema mpeni mzee wa watu bwana, wengine tuna haraka. Meneja naye akashindwa kujizuia. Akakuna shingo, akaonyesha kwa kidevu ile ya mfano pale mezani, ambayo watoto huijaribu kutwa nzima. Ile imefunguliwa, akasema, ile ana ruhusa ya kuipunguzia. Ila padi yake imechoka: kijiti cha kushoto kimelegea, mchezaji anajiendea pembeni hata hujamgusa.

"Si neno. Hata mimi siku hizi ukiniachia naenda pembeni."

Bahasha yake ikatosha, pamoja na akiba yangu. Hakuniruhusu nimbebee hata waya. Nikamtazama akivuka barabara na boksi kifuani, anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Na mimi nimesimama pale najua kilichomo ndani ya boksi lile. Simaanishi mashine.

Jumapili, 9 Machi

Mawingu asubuhi, hewa nzito, mchana shwari.

Baba ameamka mapema kuliko mimi. Mashine imejisasisha mpaka saa saba, akaikalia mbele kama anayesubiri chai ichemke. Mara mbili ameniuliza kule kwa Kepteni ni saa ngapi. Mara mbili nimemjibu.

Saa mbili usiku Kepteni akaingia. Baba akavaa hedifoni, akaketi wima. Kepteni sikumsikia, nilimsikia Baba tu, lakini wallahi nyumba imerudi!

"Beki gani huyo? Mlango wa choo cha stendi, kila mtu anapita!... Nani mzee? Nani mzee? Chukua hiyo!... Unakula lakini? Unakula nini?... Ah, refa huyu kahongwa."

Mechi ya kwanza Baba kafungwa. Ya pili kashinda, akanipungia mkono bila kugeuka. Ya tatu ikaanza. Nilikuwa mlangoni na sahani ya ndizi zilizomenywa.

Akaacha kumtukana beki.

Vidole vinaendelea kubonyeza. Mabega yameshuka kidogo.

"Minne?" akasema.

Kwenye tivi watu wanakimbia.

"Sijakasirika... Nimekwambia sijakasirika... Mkataba mzuri lakini? Matibabu wanalipa?... Haya. Haya, mwanangu. Cheza."

Nikafikiri atavua hedifoni. Hakuvua. Kipenga cha mwisho kikalia, nikamsikia, "Usizime. Anzisha nyingine."

Sasa sijui nieleze vipi. Hii ya nne hakuna anayeshambulia. Baba anapiga pasi nyuma, Kepteni anamwachia. Kepteni akiupata, anaurudisha kwa kipa wake, Baba hamfuati. Mpira unazunguka tu, huku, kule, kama hawataki ufike popote. Na wanaongea. Chumba. Rangi aliyopaka. Anamwuliza kama ataipenda ya bluu.

Nikaweka sahani mezani. Baba, macho kwenye tivi, akaufunika mdomo wa maiki kwa kiganja.

"Mama. Ulikuwa unajua?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakugeuka kuniona. Nikakaa sakafuni karibu na magoti yake, nikitafuta namna ya kulisema kwa sauti. Akaondoa kiganja, akaendelea na kipa wake. Mechi ikaisha bila bao. Wakaanzisha nyingine.

Naenda kulala, saa sita kasoro dakika kumi. Bado wanapasiana.