Nilimwona Akifagia

Jumanne, 8 Julai
Sare za madrasa ninazoshona bado hazijaisha. Sindano imevunjika tena. Ng'ambo ya ua wa makuti, shangazi Mwanaidi amefagia uwanja wake mapema kama ilivyo desturi yake. Leso ya zambarau, mgongo umeinama, fagio la chelewa likikwaruza mchanga. Nilimpungia mkono kutoka dirishani. Hakugeuka. Macho yake nayo siku hizi si ya kutegemea.

Jumatano, 9 Julai
Amefagia tena. Baadaye mwanawe Bakari alinipigia kutoka Mackinnon Road, anakouza matairi ya malori. Simu ya mamake yaita tu, haipokelewi.
"Yupo nyumbani?"
"Yupo, mzima. Nimemwona asubuhi hii akifagia."
Akashukuru sana. Nilitaka kwenda kumwamkia, ila ustadhi anazitaka sare zake kesho.

Alhamisi, 10 Julai

Bakari alipiga tena. Nikamwambia yale yale: yupo, nimemwona. Akauliza, "Umesema naye?" Sauti yake sijaisikia tangu Jumatatu.
Nikaenda. Uwanja msafi, mistari ya fagio mibichi mpaka kizingitini. Hakuna hata alama ya mguu juu yake. Nikapiga hodi. Kimya. Mlango umefungwa kwa komeo la ndani. Nikamwita Omari seremala akauvunja.
Shangazi alikuwa sakafuni kando ya kitanda, midomo imepasuka, nyonga imevunjika. Hai. Alhamdulillahi, hai. Alianguka Jumatatu baada ya magharibi, hakuinuka tena. Alikuwa akinywa maji ya birika la kutawadhia.
Leso ya zambarau ilikuwa ndani, kwenye beseni, imerowekwa kwa sabuni. Maji yamechacha. Niliishika mwenyewe.

Ijumaa, 11 Julai
Hospitalini. Bakari amefika, kanishika mikono yote miwili akashukuru. Nilitamani ardhi inimeze.
Shangazi ameanza kusema. Sauti kama karatasi.
"Nilikusikia mwanangu, kila asubuhi ukinifagilia. Nikajua uko hapo nje. Nikawa nangoja uingie."
"Si mimi, shangazi."
Akanitazama. "Basi nani?"
Muuguzi akaja na dawa. Nikasogea kumpisha.

Jumapili, 13 Julai
Nimewauliza majirani wote. Hakuna aliyetia mguu pale. Mke wa Omari ameniambia nisome Ayatul Kursiyu na nisiulizeulize. Nimeisoma. Bado nauliza.
Linalonitesa si lile umbo tu. Nilichomwambia Bakari kilikuwa kweli! Mamake alikuwa nyumbani, alikuwa hai. Na nilikuwa na sababu: macho yangu, leso ninayoijua, saa yake ya kufagia. Mtu yeyote angeamini. Lakini sikuwa najua kitu. Nilichokiona hakikuwa yeye, na yeye mwenyewe sikumwona. Ukweli ulinitoka mdomoni kwa bahati, na nikautumia kukaa kitini na kushona huku yeye analamba maji hatua chache kutoka kwangu.
Shangazi naye pia. Alijua nitakuja kwa sababu alinisikia. Nikaja kweli. Lakini aliyemsikia si mimi.
Dirisha la cherehani nimelifunga. Nashonea barazani.

Jumatatu, 14 Julai
Nimekwenda kumfuatia nguo zake. Majani ya mwarobaini yametapakaa uwanja mzima. Tangu tumtoe, hakuna aliyefagia.
Nikachukua nguo, nikaondoka bila kugeuka.

Jumamosi, 26 Julai
Shangazi yuko kwangu. Chumba cha mbele, karibu na mlango, ili apate upepo. Daktari asema mfupa utaunga polepole. Bakari alitaka kumchukua, mwenyewe kakataa. Huko bara vumbi litamwua, asema.
Hatulitaji lile jambo. Jana alianza, "Yule aliyekuwa..." kisha akaniomba chumvi.
Adhuhuri amekula wali na mchuzi wa papa, kidogo. Kisha kajilaza, uso ukutani, kajifunika gubigubi. Nilimwona amelala. Nikasimama mlangoni, nikaona haitoshi. Nikaingia, nikamgusa bega.
"Shangazi, umelala?"
"Nimelala," akasema.
Nikakaa pale pale chini, mgongo kwenye kitanda chake, nikaendelea kushona kwa mkono.