Mkakati wa Mukashema Umekubaliwa

Kaze, uko wapi? Kampuni yao imefunga karakana ya ushonaji anayoisimamia dada yangu Mukashema. Imefunga!

Na mkakati kauandika yeye mwenyewe. Leo kule ofisi kuu, Kimihurura, kawaambia wakurugenzi, "Hatuwezi kufanya kila kitu. Tubaki na kile tunachowashindia washindani wetu, mengine tuyaache."

Bosi akamjibu, "Umesema kweli. Tutabaki na kuuza nguo za kutoka nje. Ushonaji tunaufunga."

Tunaufunga! Dada akasema asante tu, akakaa.

Akapanda pikipiki mpaka karakanani Kimironko. Mafundi wake wakaacha cherehani, wakamuuliza, "Mama, wamekubali mkakati wako?"

Akasema, "Wamekubali."

Wakampigia makofi, Kaze. Mpaka sasa kasimama pale mlangoni, hata machozi hayamtoki.