Mafundo ya Kijani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeziba neti tatu kabla ya chai. Fundi mwingine wa ufuo huu angemaliza moja, tena iwe na tundu la kupitisha ng'ombe. Wenzangu wamekimbilia Macalder kuchimba dhahabu, wanarudi na kikohozi. Dhahabu yangu ni hivi vidole. Shule niliacha darasa la saba, lakini mwalimu mwenyewe hajui kufunga fundo la neti ya samaki mbuta. Wote wanatumia uzi mweupe. Mimi kijani, fundo mara mbili, mkia mfupi. Hata gizani utajua ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Wamemkamata Ochieng', kaka yangu. Eti ameiba neti ya Bosi, yule mwenye maboti sita. Uongo! Ochieng' alimvulia miaka mitano, mwaka jana akaacha, akanunua neti yake. Bosi hajamsamehe. Hiyo neti nimeiziba mimi mwezi wa kwanza, mahali pane. Polisi wameibeba pamoja naye. Shemeji ana mimba ya miezi minane. Amekaa mlangoni. Nina hasira ya kutafuna mawe.

Jumatano, 5 Machi
Dawa ninayo. Kortini nitawaonyesha mafundo ya kijani, kesi kwisha. Nimetangaza ufuo mzima. Mama Akinyi anayekaanga samaki akasema, "Wewe kijana, mdomo wako una injini, usukani ndio hauna." Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Korti imemrudisha Ochieng' kwenye seli ya kituo, uchunguzi haujaisha. Nilimpelekea ugali na omena.
Nikakuta neti ya ushahidi imetupwa uani, kwenye miba, mbuzi amenaswa ndani! Wakamvuta mbuzi kama gunia. Tundu likabaki kama mlango. Iliniuma. Hiyo ni kazi yangu. Afande mmoja mnene akacheka: "Si wewe ndiye fundi wa kujisifu? Tuone basi."
Sindano na uzi havinitoki mfukoni. Dakika kumi. Watu walikusanyika. Afande alipiga makofi. Nimetoka kifua mbele.

Jumatano, 2 Aprili
Siwezi kuandika vizuri.
Zamu yangu kortini ilianza tamu. Nilionyesha mafundo, moja moja. Hakimu alisogeza miwani. Ochieng' alitabasamu, mara ya kwanza tangu wamshike.
Kisha kiongozi wa mashtaka akauliza kama nimewahi kuigusa neti ikiwa kituoni. Nikasema ndiyo, niliiziba, tena kwa dakika kumi tu. Nilijisifu! Mbele ya hakimu!
Akasema uzi ni ule ule na mkono ni ule ule, nani atajua mengine niliyafunga lini. Nikasema naweza kuyatenganisha, ya zamani yamekakamaa. Akacheka. Mwezi mzima juani, yote yamekakamaa.
Wakamwita yule afande mnene. Akaapa hakuniambia kitu, alinikuta nachezea ushahidi. Mshenzi! Mkono ulioinua Biblia ndio ulionipigia makofi.
Ochieng' aliangalia sakafu.

Alhamisi, 3 Aprili
Sijaenda kazini. Nimepiga ndoo teke, imepasuka. Ya mama.
Jana kortini Bosi alikuja na shati jeupe. Hakuulizwa alama hata moja ya neti yake. Hakuulizwa! Aliitwa "mzee". Mimi niliitwa "wewe".
Nawachukia wote. Afande kwanza. Halafu Bosi. Halafu huyu mjinga mwenye vidole vya dhahabu. Kaka yangu alihitaji mafundo ya mahali pane tu, na mimi nikaongeza arobaini.

Jumatano, 16 Aprili
Ochieng' amefungwa mwaka mmoja na nusu.
Neti wamempa Bosi. Akanipita mlangoni mwa korti, akasema polepole, "Fundi, ikichanika nitakuita." Ngumi ilikuwa tayari. Mama alining'ang'ania mkono kwa mikono yake miwili. Nikaacha.
Shemeji hakuja. Alijifungua Jumapili. Mvulana.

Jumamosi, 3 Mei
Nimeenda gereza la Homa Bay kumwona Ochieng'. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kusema pole. Haikutoka.
Aliuliza mtoto anafanana na nani. Nikasema yeye, masikio hasa. Akacheka kidogo. Mifupa ya shingo inaonekana. Kesi hakuitaja. Muda ulipoisha akaniambia, "Omera, ndugu yangu, usiwaambie nyumbani nimekonda."
Nimefika jioni. Shemeji alikuwa ananyonyesha. Mama akauliza hali ya Ochieng'.
Nikasema amenenepa.
Mama ameniangalia kitambo. Kisha akaenda kunipakulia.