Shikamoo Niliyokunyima Siku ya Mgawo

Mpendwa baba,

Nakuandikia nikijua hutasoma. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Lakini kuna shikamoo yako nimebaki nayo miaka yote hii.

Unakumbuka ile wiki ya kuelekea Idi? Mama alikuwa na magauni ya watu yamejaa barazani pale Kariakoo, na wewe, mwongozaji wa gridi ya taifa, ukaukatia umeme mtaa wako mwenyewe. Cherehani yake ya mota ikazima katikati ya mshono. Majirani walinong'ona, mimi nikanuna. Uliporudi kutoka kazini sikukuamkia.

Hukunigombeza. Ulitoa cherehani ya zamani ya kukanyaga, ukanipa jinzi ya mtumba kutoka soko la Mchikichini niikunje pindo. Nikakanyaga kwa hasira, kwa nguvu zote. Sindano ilipofika penye mshono mnene, gurudumu likakwama.

"Umeona?" ulisema. "Nguvu zote umeshazimaliza. Sasa utaongeza na nini?"

Ndivyo ulivyonieleza akiba ya umeme: mtambo mmoja uzunguke bila kubebeshwa mzigo wote, ili mwingine ukizimika ghafla huu udake, na mapigo ya umeme yabaki hamsini kwa sekunde. Yakishuka mno, nchi nzima inaingia gizani. Nilikuelewa, ila kiburi kilinizidi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kiti chako, maana sasa mimi ndiye ninayeongoza gridi. Mchana, joto kali, mafeni ya mji mzima yanazunguka, akiba inakwisha. Ili ibaki ilibidi nikate laini moja, na zamu ilikuwa ya Kariakoo. Nilijua mama anashona sare za harusi ya kesho yake. Nikakata.

Haikupita saa, mtambo mkubwa ukazimika. Mapigo yakashuka. Ule wa akiba ukapanda, hamsini ikarudi. Winchi za bandarini hazikusimama, na wagonjwa hospitalini kule Upanga hawakujua lolote.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anakanyaga ile ile cherehani ya zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyekata?"

"Ni mimi."

Alinitazama, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanipisha kitini. "Haya, kanyaga. Na usimalize nguvu."

Asante, baba, kwa kukubali kununiwa na mwanao ili watu usiowajua wasikae gizani. Sikujua ni kazi ngumu hivi mpaka ilipofika zamu yangu.

Sasa pokea ile ya siku ile. Shikamoo, baba.

Binti yako